JM Kariuki: Mbunge aliyeshinda kura huku amefungwa mdomo

Wiki hii naandika nikiwa mbali na bahari. Niko Rhonda, mtaa wa Nakuru upande wa magharibi, karibu na uzio wa mbuga ya Ziwa Nakuru, ambako riziki imenileta mimi kama ilivyowaleta wengine wengi. Huku baridi ya asubuhi inakufanya uikumbuke Mombasa kwa machungu. Lakini watu ni wale wale. Wanalalamikia bei ya unga, maji na karo, na zaidi ya yote wanawalalamikia viongozi.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyonikalisha chini na mzee mmoja fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko njiani ninakopita kila siku. Siku hiyo gari la mwanasiasa mmoja lilipita na spika kubwa, muziki na vijana wakining'inia mlangoni. Mzee hakuinua hata macho, akaendelea kushona soli. Nilipomuuliza kama hataki kusikia sera akacheka, kisha akanieleza kwamba yeye alipokuwa kijana alishuhudia mtu akishinda uchaguzi bila kipaza sauti na bila mkutano, tena serikali nzima ikiwa haimtaki. Alikuwa anamzungumzia Josiah Mwangi Kariuki, yule ambaye Kenya nzima ilimwita JM.

Kwetu Pwani jina hilo tunalijua kama jina la mtu aliyeuawa. Wengi hatujui zaidi ya hapo, na nakiri hata mimi nilikuwa miongoni mwao. Kumbe mtu huyu ni mzaliwa wa hapa hapa. Alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 Kabati-ini, upande wa Bahati, si mbali na mji wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, wakaja Bonde la Ufa kama walivyokuja maelfu ya Wakikuyu wa wakati ule, kuishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Unalima shamba la mzungu, unapewa kipande cha kupanda mahindi yako, na siku mzungu akikuchoka unaondoka na sufuria zako. Maskwota wa Kilifi na Kwale wanaosoma makala haya hawahitaji kufafanuliwa maisha hayo.

Aliingia shule mwaka 1938 na hakukaa, karo ilimtoa. Akawa kibarua shambani. Kilichomrudisha darasani ni jambo ambalo mimi Muislamu siwezi kulisifu: mwaka 1946 aliweka dau kwenye mashindano ya farasi, akashinda, akalipa karo kwa pesa hizo. Kamari ni haramu na itabaki haramu. Lakini tuseme ukweli pia kwamba kijana wa miaka 17 aliyepata pesa za bure angeweza kununua suti na baiskeli, au akazimaliza kwa pombe mjini. Yeye alikwenda kukaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye. Alihama shule moja hadi nyingine mpaka akamalizia msingi Karima, Othaya, kisha akapata nafasi King's College Budo nchini Uganda, shule waliyosoma watoto wa wakubwa wa Buganda.

Alirudi Kenya Oktoba 1952, siku mbili baada ya hali ya hatari kutangazwa. Alikuwa na elimu ambayo Waafrika wachache walikuwa nayo, na angeweza kutafuta kazi ya ukarani akatulia. Badala yake akala kiapo na kuanza kuifanyia kazi Mau Mau hapa Bonde la Ufa, akichangisha pesa, akitafuta viatu vya wapiganaji wa msituni na mahali pa kuwaficha watu. Hapa Nakuru alikuwa na hoteli ambayo ndani yake kazi hiyo ilifanyika, na humo ndimo alimokamatwa mwaka 1953.

Kizuizini alikaa miaka saba. Alizungushwa kambi nyingi, na mojawapo sisi wa Pwani tunapita mbele yake kila tukipanda basi kwenda Nairobi: Manyani, baada ya Voi. Leo ukipita pale unaona gereza na chuo cha askari wa wanyamapori, usingizi unakuchukua, basi linaendelea. Wakati ule lilikuwa jiji la mabati na seng'enge, na maelfu kwa maelfu ya watu waliozuiliwa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa pia Saiyusi, kisiwa kwenye Ziwa Victoria, na Lodwar kwenye joto lisilo na mfano.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nadhani JM alitengenezwa kambini. Wazungu walitaka kila mfungwa akiri kiapo, awataje wenzake, kisha apandishwe daraja kuelekea nyumbani. Aliyekiri mapema alitoka mapema. JM hakukiri. Si hivyo tu. Kwa kuwa alijua Kiingereza, aliwaandikia barua wakubwa wa kikoloni na wabunge wa Uingereza kueleza kipigo, njaa na kazi za suluba, na barua hizo zikatolewa kambini kwa siri. Aliadhibiwa vikali kwa ajili yake. Alipopona, aliandika tena. Elimu ya Budo aliyoipata kwa pesa za bahati akaifanya mali ya watu wasiojua kuandika, na hakuna aliyemlipa.

Kiongozi wa kawaida akipata elimu anaitumia kama ngazi ya kutoka kwa wenzake. Sisi wenyewe tunamjua kijana wetu aliyesomeshwa kwa harambee ya kijiji, na leo namba yake ya simu haipatikani. Huyu aliandika barua ambazo malipo yake yalikuwa viboko, na walionufaika nazo ni wote waliolala naye kwenye sakafu ya saruji.

Alitoka mwaka 1960. Alimfikia Mzee Kenyatta, ambaye bado alikuwa kizuizini, akapata baraka zake za kuanzisha tawi la KANU Nyeri. Uhuru ulipokuja alikuwa katibu binafsi wa Kenyatta, na mwaka huo huo wa 1963 kitabu chake cha maisha ya kambini, Mau Mau Detainee, kikachapishwa. Akaingia bungeni, baadaye akawa mbunge wa Nyandarua Kaskazini na waziri msaidizi.

Na akawa tajiri. Hili lazima lisemwe, kwa sababu siku hizi vijana wanamchora JM kama walii. Hakuwa walii. Alikuwa na mashamba, alikuwa na farasi wa mashindano, magari mazuri, na meza za kamari za Nairobi zilimjua. Alikuwa karibu na Kenyatta wakati ambapo kuwa karibu na Kenyatta kulimaanisha ardhi na mikopo, na yeye alipata sehemu yake. Mtu mwenye mashamba akisimama kutetea wasio na ardhi, una haki ya kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mimi nilimwangalia hivyo hivyo nilipoanza kusoma habari zake.

Kilichonibadilisha mawazo ni kupima alichopoteza. Mnafiki husema maneno matamu yanayomwongezea. JM alisema maneno yaliyomtoa kwenye meza ya wakubwa. Alikuwa ameshafika na ameshakula, angenyamaza tu mpaka uzee na watoto wake wangerithi. Lakini tangu miaka ya mwisho ya 1960 alianza kusema hadharani kwamba mashamba ya walowezi yanahamia kwenye mikono ya Waafrika wachache, kwamba waliopigana msituni na waliofungwa wameambulia patupu, na kwamba maskini anatakiwa kulipa deni la kununua ardhi ambayo babu yake alinyang'anywa. Alitahadharisha kwamba Kenya inajengwa iwe nchi ya mamilionea wa kuhesabu kwa vidole na taifa zima la ombaomba. Maneno hayo yaliwaumiza wale wale aliokuwa akinywa nao chai.

Tena hakuyasema kwa Wakikuyu peke yao. Alizunguka harambee za nchi nzima, akichanga kwa shule na zahanati za watu ambao hawangempigia kura hata siku moja. Bungeni alisimama upande mmoja na watu wa makabila mengine waliokataa kunyamaza, kina Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Kwa siasa zetu za leo, ambapo kila jamii inatafutiwa msemaji wake na bei yake, hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hatarini.

Serikali ikaanza kumbana. Akawa ananyimwa vibali vya mikutano. Akialikwa harambee, harambee inafutwa. Wenzake wa zamani wakawa wakimwona wanavuka barabara. Ulipofika uchaguzi wa Oktoba 1974 hakuruhusiwa kufanya mikutano ya kampeni hata kwenye eneo lake mwenyewe. Wapinzani wake walikuwa na majukwaa, yeye hana. Na siku ya kura watu wa Nyandarua Kaskazini wakampa ushindi mkubwa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo mzee wangu fundi viatu alipoacha sindano yake. Uwaziri msaidizi walimnyang'anya, lakini kiti kile walishindwa. Nilimuuliza ilikuwaje, kampeni alifanya nani? Akanijibu kwamba waliifanya waliolipiwa karo, na mama aliyepelekewa mgonjwa hospitali, na mzee aliyesalimiwa kwa jina lake. Walipita nyumba kwa nyumba wala hawakutumwa. Wakati huo serikali ilikuwa imemfunga mdomo mtu mmoja, na hii ndiyo hesabu waliyokosea, maana midomo mingine ilikuwa wazi.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Chukua wanasiasa wetu, wa Pwani na wa hapa Nakuru, uwanyang'anye spika na fulana za bure na noti ya shilingi 200 kwa miezi mitatu tu. Wangapi wangesalia na wa kuwasemea? Wastani wa viongozi tulio nao huishi kwa kuonekana. Akiacha kuonekana wiki mbili anasahaulika, ndiyo maana hawezi kukosa mazishi hata ya mtu asiyemjua. Tunasimuliwa misikitini habari za Sayyidna Umar alivyobeba unga mgongoni mwake usiku kumpelekea mama aliyekuwa na watoto wenye njaa, na mama mwenyewe hamjui kwamba ni Khalifa. Hakukuwa na kamera. Sisemi JM alikuwa Umar, Mungu anisamehe. Nasema kipimo ni kile kile, ulichokifanya wakati hakuna anayekupigia makofi.

Mwanzoni mwa 1975 Nairobi ilitikiswa na milipuko ya mabomu. Mkubwa kuliko yote ulikuwa Jumamosi tarehe 1 Machi, ndani ya basi la OTC lililokuwa linajiandaa kuja Mombasa, na watu 27 wakafa. Wapo wazee wetu wanaolikumbuka basi lile. Kesho yake, Jumapili tarehe 2 Machi, JM alikuwa katika hoteli ya Hilton katikati ya jiji. Alionekana akiondoka pamoja na mkuu wa kikosi cha GSU, Ben Gethi. Hakuonekana tena akiwa hai.

Siku iliyofuata mchungaji mmoja Mmaasai aliukuta mwili kwenye vilima vya Ngong. Ulipelekwa mochari ya jiji ukalala huko kama wa mtu asiyejulikana, na wakati huo nchi ilikuwa inauliza JM yuko wapi. Gazeti moja kubwa likaandika kwamba yuko Zambia. Zaidi ya wiki moja ikapita ndipo familia yake ikaenda mochari na kumtambua. Alikuwa amebakisha siku chache kutimiza miaka 46. Mimi ninayeandika niko kwenye umri huo huo, na nikiangalia nilichokwisha kufanya nanyamaza.

Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana. Maziko yakafanyika Gilgil kwenye shamba lake, hapo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Nakuru.

Kisha ikaja hadithi ya pili, na kwangu ina uzito sawa na ya kwanza, kwa sababu mtu akishakufa ndipo wenzake wanapopimwa. Bunge lilikataa kulala. Liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji. Kamati ikafanya kazi huku ikitishwa, na mwezi Juni 1975 ikaleta ripoti iliyoonyesha kwamba watu wa vyombo vya usalama walihusika na kwamba polisi walificha mambo. Kabla ripoti haijasomwa, majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa kwa amri yake. Hata hivyo ilipofika kura, serikali ikitaka bunge lisiipitishe, ripoti ilipita kwa kura 62 dhidi ya 59.

Kura tatu! Miongoni mwa waliopiga kura ya kuipitisha alikuwemo Masinde Muliro, waziri ndani ya baraza la Kenyatta, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walijua kinachowangoja, na wote watatu walifukuzwa kazi. Muliro alikuwa kigogo wa siasa tangu enzi za KADU pamoja na marehemu Ronald Ngala wetu. Alikuwa na bendera kwenye gari na kila kitu cha kupoteza. Akapoteza. Waliobaki vitini siku ile, wale 59, tuliendelea kuwaita waheshimiwa kwa miaka mingi. Ni nani leo anayeweza kutaja hata watano wao?

Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji ya JM. Ripoti ikawekwa kabatini. Oktoba mwaka huo huo Seroney na Shikuku walikamatwa ndani ya majengo ya bunge wakatiwa kizuizini. Ujumbe ulikuwa umefika, na kwa miaka mingi baadaye wabunge walijifunza kuangalia sakafu.

Mtu anaweza kuniuliza, ya nini kuyafukua mambo ya nusu karne? Jibu liko chini ya miguu yangu hapa Rhonda. Januari 2008, baada ya ule uchaguzi, mitaa hii ya Rhonda, Kaptembwa na Ponda Mali iliungua. Majirani waliosomeshana watoto walifukuzana kwa mapanga na mishale. Kuna nyumba huku ambazo ukiuliza mwenyewe yuko wapi unajibiwa kwa kimya. Chanzo cha karibu kilikuwa kura, lakini kuni zilizokuwa chini yake zilikuwa ardhi, nani aligawiwa na nani aliachwa, nani anaitwa mgeni na nani mwenyeji. Hayo ndiyo mambo ambayo mtoto wa skwota wa Kabati-ini aliyasema wakati bado yangeweza kurekebishwa na watu wakiwa wamekaa mezani.

Na yalifika mpaka kwetu. Waliokosa ardhi huku bara, wengine walikuja kupewa makao Mpeketoni, Lamu, kwenye skimu iliyoanza miaka hiyo ya 1970, ilhali wenyeji wa Pwani hawana hata karatasi ya kuonyesha kiwanja alichozikwa babu. Serikali ilituachia maskini wawili wagombane na mkubwa aliyekula mashamba akawa mpatanishi. Katika hili JM alikuwa anatusemea hata sisi, na sijui kama tulilitambua wakati ule.

Juzi nilipanda matatu mpaka mjini, kisha nyingine kuelekea Bahati, nikateremka upande wa Kabati-ini kuona tu. Ni mashamba madogo madogo ya mahindi na maharagwe, watoto wanatoka shule wamevaa sweta, boda boda wanangoja abiria. Sikuona cha ajabu. Niliporudi jioni nilipitia kibanda cha fundi kuchukua kiatu changu, nikamweleza nilikokwenda. Akataka kujua kama mvua imenyesha kule, na kama watu wameanza kupalilia.